Rivolva ya Mkono wa Kushoto

Kabla ya kupewa rivolva, mimi nilikuwa mtu wa milango. Usinihurumie, mlango nao ni kazi. Katika gemu la vita la kompyuta tunalolitengeneza kuna milango ya nyumba zilizobomoka, ya maghala, ya vyoo vya askari, na kila mmoja lazima ufunguke kwa tabia yake, huu ukikwaruza sakafu, ule ukigoma kidogo kabla ya kukubali. Yote hiyo nimeifungua mimi. Lakini nitafutie mchezaji hata mmoja aliyewahi kusifu mlango. Wachezaji husifu bunduki, na bunduki zilikuwa kazi ya bwana mmoja aliyekaa dirishani, penye feni, akituita sisi wengine "watu wa mapambo".

Bwana huyo alipata kazi kwingine, akaaga, akaacha meza tupu na feni inazunguka. Hapo ndipo nilipoanza kuota mchana kweupe.

Ofisi yetu ni chumba kimoja kirefu juu ya duka la miwani, meza zimebanana, na sakafuni kuna nyaya ambazo kila mgeni sharti ajikwae nazo ndipo ahesabiwe kuwa amefika. Bosi wetu tunamwita Mkasi. Yeye mwenyewe anajua na wala hakasiriki. Kitu kisipomsaidia mchezaji, anakikata. Amekata farasi. Amekata mvua. Amekata daraja zima ambalo mwenzetu alilijenga kwa miezi, kisha akaenda zake kula chakula cha mchana bila wasiwasi wowote.

Siku aliyosimama mbele ya meza yangu, nilijua amekuja kukata mlango. Nikajiandaa kugombana.

"Toleo jipya linatoka na silaha moja," alisema. "Rivolva, bastola ya maofisa wa enzi zile. Nataka uifanye wewe."

"Bosi, unanitania."

"Sitanii. Siku ya wageni wa kujaribu gemu, wakiipenda, meza ya dirishani ni yako, na bunduki zote ni zako. Wakiitupa, naikata, na wewe unarudi kwenye milango. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nilisema kwa adabu zote, kisha nikaenda chooni nikarukaruka hadi mtu wa duka la miwani akagonga dari yake.

Rivolva yenyewe ilikuwa makumbushoni, kwenye kabati la kioo, katikati ya kofia za chuma na barua zilizochakaa. Mtunzaji wake, mzee mfupi mwenye glavu nyeupe, aliitoa akailaza juu ya kitambaa kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto mchanga. Nilinyoosha mkono. Akanitazama, nikaurudisha.

"Macho, ruhusa. Kamera, ruhusa," alisema. "Mikono, hapana."

Basi nikapiga picha, yeye akiigeuza taratibu chini ya taa. Nilidhani silinda huchomoka upande, risasi zinaingia zote kwa mkupuo, kama tulivyozoea kuona. Wapi! Silinda ya hii haitoki. Nyuma yake, upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo. Unakifungua, unatia risasi moja, unazungusha silinda kidogo, unatia nyingine, hivyo hivyo mpaka ijae.

"Hiki kinaitwaje?" niliuliza.

"Sisi tunakiita kimlango," alisema mzee.

Nikaangua kicheko hadi mlinzi akachungulia. Nimekimbia milango miaka yote hiyo, na bunduki yangu ya kwanza ina mlango! Mzee alidhani namcheka yeye, ikabidi nimweleze, naye akacheka kidogo, kwa kujizuia. Kisha akatoa sharti lake: ionekane kama ilivyo. Tukibadili hata skrubu moja, jina la makumbusho tusilitaje. Na Mkasi alikuwa amekwisha kulitangaza jina hilo kwa majigambo kila mahali.

Sasa, kazi yetu ina kawaida yake. Huwezi kuchora mikono inayotembea kutoka kichwani. Unajipiga video ukifanya kile kitendo, halafu unafuata video hiyo kidole kwa kidole. Kwa kuwa sikuruhusiwa kushika rivolva, nilikwenda nyumbani nikachukua mashine ya kukaushia nywele. Ina mpini, ina mtutu, ukiwa na moyo wa ukarimu inafanana. Risasi zangu zilikuwa punje za kitunguu saumu. Nikasimamisha simu juu ya mkebe wa sukari, nikaanza kulishambulia jokofu.

Mama yangu, ninayeishi naye, alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Unalikausha jokofu?"

"Niko kazini, mama."

"Na hivyo vitunguu ni mshahara?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akikodoa macho, maana miwani yake ya zamani haikumfaa tena na mpya ilikuwa inatengenezwa pale chini ya ofisi yetu. Mwishowe akavuta kiti akakaa kutazama. Nilipotia punje ya pili, mashine nimeishika kwa kushoto, alisema bila hata kufikiri, kama mtu anavyosema "pole" ukijikwaa, "Mkono wa kulia, mwanangu."

"Mama, mimi nina umri gani?"

"Basi nimesahau. Endelea."

Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo. Mama alipambana na huo mkono wangu utoto wangu wote, na maneno yale, mkono wa kulia, yamenitoboa masikio. Nilitia punje zangu, nikafunga kimlango cha kufikirika kwa kidole gumba, nikalipiga risasi jokofu, na kesho yake nikaanza kuchora.

Nisikudanganye, ilitoka safi. Chuma kiling'aa palipopaswa kung'aa. Kidole gumba kilisukuma kimlango, risasi ikaingia, silinda ikazunguka kwa mlio ambao niliurekodi kwenye kitasa cha bafu letu. Nilimwonyesha Mkasi kwenye kidirisha kidogo, akasema "mm", na kwa Mkasi hiyo ni shairi.

Anayeingiza vitu kwenye gemu lenyewe ni kijana wa meza ya jirani tunayemwita Kikokotoo, kwa sababu hutazama namba tu na picha hazimhusu. Siku moja kabla ya wageni alifungua gemu kwenye kompyuta yake, mimi kwenye yangu, tukaingia uwanjani kama askari wawili. Nilichukua rivolva nikampiga. Akaanguka. Halafu nikamsikia anakohoa, kisha anapiga meza kwa ngumi, kisha analia.

"Dada," alisema, machozi yanamtiririka, "njoo uone unavyoniua."

Nikaenda. Kwenye skrini yangu naona mikono tu; kwenye yake mwili wote unaonekana, na askari wangu alikuwa amesimama kishujaa, amenyoosha ngumi tupu. Rivolva iko mkono wa pili, inaning'inia na kutazama matope. Na kila nilipofyatua, moshi unatoka kwenye ngumi. Nilikuwa nawaua watu kwa mkono mtupu.

"Mwili wa askari unashika silaha mkono wa kulia," Kikokotoo alisema akijifuta. "Wote. Siku zote. Wewe hii mikono yako umeifanya ya..." Akaitazama kalamu niliyoshika, na mkono ulioishika.

Wallahi sikuwa nimeona. Ningesema nilifanya makusudi ningejisifu bure. Wiki zote zile niliitazama ile picha kutoka asubuhi hadi jioni, na kwangu mimi bunduki ilikuwa kwenye mkono, basi. Mkono ni ule unaofanya kazi.

Vicheko vilimvuta Mkasi. Alitazama ngumi ikitoa moshi, hakucheka.

"Igeuzeni picha, kama kwenye kioo. Kushoto iwe kulia."

"Kimlango nacho kitahamia upande wa pili," nilisema. "Makumbusho watatunyima jina lao."

"Basi chora upya mikono."

"Kwa kesho?"

Akafikiri, na nikaona kabisa vidole vyake vikikutana, kama vya mtu anayejaribu makali ya mkasi. Hapo mdomo wangu, ambao haujui breki, ukafunguka. Nilimwambia kwamba toka nilipoanza shule watu wananigeuza, walimu, mashangazi, hadi mwuza maziwa, na sasa hata askari wangu wa kwenye kompyuta naye ageuzwe? Hakuna mashoto vitani? Risasi inauliza imetoka mkono gani? Kikokotoo alijifanya anafunga kamba za viatu.

Mkasi alinisubiri niishiwe pumzi.

"Mimi sikati kwa sababu ya kushoto," alisema. "Nakata kitu kisichomsaidia mchezaji. Wageni wataamua. Kikokotoo, hamisha hiyo silaha kwenye ngumi yake, angalau tufe kwa heshima."

Siku ya wageni tunaalika watu wasiotujua, tunawaketisha, wanacheza, sisi tunasimama nyuma yao. Na kuna sharti moja lililoletwa na Mkasi baada ya mwenzetu mmoja kumnong'oneza mgeni namna ya kushinda: aliyetengeneza kitu hujaza maji mdomoni mpaka mchezo uishe. Ukimeza ili useme, kitu chako hakihesabiki. Mimi huona ni adhabu iliyotungwa kwa ajili yangu peke yangu.

Wageni walifika, wakajikwaa kwenye nyaya. Kinyozi wa mtaa wa nyuma, muuguzi aliyekuwa mapumzikoni, na wanafunzi wa chuo waliojaa makelele. Kiti kimoja kilibaki kitupu. Nikavuta funda langu la maji, nikasimama ukutani mashavu yamevimba.

Kinyozi aliichukua rivolva kwanza. Nikafurahi. Akafyatua zote hewani, akaanza kujaza, risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akapigwa akafa. Akarudi, akajaza, akafa tena. "Hii ni ya kujiua nayo," alisema, akaitupa chini akaokota bunduki ya rashasha. Muuguzi akaitupa. Wanafunzi waliitupa bila hata kuijaza. Mkasi aliandika neno moja kwenye karatasi, fupi sana. Nilijua herufi zake kwa mwendo wa kalamu, na hapakuwa na haja ya kusoma.

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mama yangu.

Alikuwa amekuja kuchukua miwani yake chini, na kwa kuwa ilikuwa mpya na inang'aa usoni, akaona asiondoke bila kunionyesha. Mkasi, ambaye hamjui, akamdaka.

"Karibu mama, umechelewa kidogo. Umekuja kwa ajili ya gemu?"

"Nimekuja kwa mwanangu," alisema mama.

Mkasi akadhani mwanawe ni mmoja wa wanafunzi, akamketisha kwenye kiti kitupu na kumpa mkononi pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Mimi nikapunga mikono yote miwili, nikatikisa kichwa, nikatoa macho. Mkasi akaniona, akatabasamu, akaninyooshea kidole gumba. Alidhani nashangilia.

Mama hajawahi kushika pedi maishani. Askari wake alitembea hadi ukutani akasukuma ukuta. Akageuka, akafika mlangoni, akaufungua na kuufunga, na kuufungua tena. "Mlango mzuri huu," alisema kwa sauti. "Ila hii nyumba haifagiliwi?" Kinyozi akaanza kucheka. Mimi maji yalitaka kunitokea puani.

Kisha akakanyaga mahali walipotupa rivolva, akaiokota bila kujua, na katika kubonyezabonyeza, akabonyeza kitufe cha kujaza.

Mikono ikatokea mbele yake. Mama akasogeza uso karibu na skrini, miwani mpya ikakaribia kugusa kioo. Hakutembea tena. Alifyatua hewani ili iishe, akajaza tena, akatazama. Wanafunzi walimwua. Akarudi, akafyatua hewani, akajaza, akatazama.

"Mama, wanakuua," kinyozi alimwambia.

"Waache, niko na shughuli."

Mara ya nne au ya tano, alipokuwa ametia risasi moja tu, mwanafunzi mmoja akatokea pembeni akimjia mbio. Mama akashtuka, akabana kila kitu kilichokuwa chini ya vidole vyake. Kimlango kikafungwa kwa kidole gumba, rivolva ikalia, mwanafunzi akaanguka.

Chumba kizima kikapiga kelele. Aliyepiga kelele zaidi ni mama mwenyewe, akimwomba yule mwanafunzi msamaha.

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yake. "Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Si lazima ijae?" Akarudi kitini kwake, akaiokota rivolva nyingine. Akatia risasi moja, akafyatua. Akatia mbili, akafyatua. Bunduki zetu nyingine zote, ukianza kujaza umejifunga, mikono imeshughulika mpaka umalize. Lakini huyu askari wangu rivolva haijawahi kutoka kwenye mkono wa kupigia. Mkono wa kulia ndio unaolisha risasi, wa kushoto umeshika tu unangoja, kidole gumba chake tayari kukifunga kimlango. Angekuwa wa mkono wa kulia, angelazimika kuihamisha rivolva, ajaze, kisha airudishe. Kinyozi hakujua lolote la kulia na kushoto. Alijua tu kwamba sasa hafi.

"Nani amechukua ile bastola ya mlango?" muuguzi aliuliza. "Nataka na mimi." Wanafunzi walianza kugombania moja iliyobaki chini, wakipigana ngumi za kwenye skrini na za kwenye mabega. Mkasi alifuta lile neno lake. Nililiona linafutwa, nikajishikiza kwenye ukuta nisiruke kwa furaha.

Mchezo ulipokwisha, Mkasi alizunguka na swali lake la kawaida. Alipofika kwa mama akainama kwa heshima.

"Mama, wewe uliendelea na silaha ile ile tangu mwanzo, hata ulipokuwa unauawa. Kwa nini?"

"Silaha gani?" alisema mama. "Mimi sikuangalia silaha. Niliangalia mikono. Hiyo ni mikono ya mwanangu."

Mkasi akawatazama wanafunzi, mmoja mmoja. Mama akanionyesha mimi, ukutani, na mashavu yangu.

"Angalia kidole cha mwisho kinavyosimama akifunga hako kamlango. Hivyo hivyo ndivyo alivyoshika kijiko akiwa mdogo. Na mimi," akavua miwani mpya, akaifuta kwa upindo wa gauni ingawa haikuwa chafu, "mimi nilikuwa naufunga huu mkono kwa kitambaa, kila wakati wa kula, ili atumie mwingine. Analia, nami nakaza fundo. Nilidhani namsaidia. Walinisifu kwamba ni mama makini." Akatazama skrini, mahali askari wangu alipokuwa amesimama akisubiri. "Kumbe mkono wenyewe ulikuwa unajua kazi. Ningeweza kuuvunja moyo, haya yote yasingekuwapo. Namshukuru Mungu nilishindwa."

Kinyozi alitazama mikono yake mwenyewe.

Mimi huwa nina jibu la kila kitu. Nimewahi kumjibu mhubiri katikati ya mahubiri. Na siku mama yangu aliposema neno nililolingoja tangu utotoni, nilikuwa nimesimama ukutani na maji mdomoni, na machozi ambayo hayana sharti yakiteremka yenyewe.

"Mkono unabaki," Mkasi alisema. "Na meza ya dirishani ina mtu. Meza maji, wewe."

Mama alikuwa amekwisha kuinuka. Alipita katikati ya viti, akajikwaa kwenye nyaya kama watu wote, akasimama mbele yangu. Mama yangu hajawahi kumsalimia mtu kwa mkono wa kushoto, hata akiwa amebeba mtoto kwa wa kulia. Yuko radhi amshushe mtoto. Alininyooshea wake wa kushoto, vidole vimekunjuka vizuri, mbele ya wageni wote. Nikaupokea kwa wangu, nikaukamata barabara, kabla hata sijakumbuka kumeza.